Abiria wa Kumi na Tano: Mwongozo wa Kumsafirisha Kichanga kutoka Kitale hadi Bungoma

Hongereni kwa kujifungua salama. Mtoto yuko Kitale, Kukhu, yaani bibi yake, yuko Bungoma, na simu imeshalia: analetwa lini? Gari hamna. Huko Ulaya wazazi wasio na gari husifiwa kwa kuyajali mazingira. Hapa mtaulizwa tu kama mna pesa zilizochenjiwa.

Mwongozo huu ni wa waliokwisha kujifungua. Wanaotangulia kupanda gari kabla ya uchungu kuanza nao wasihofu: Wabukusu wa huko Bungoma walishaandaa jina la mtoto wa njiani, Wangila akiwa mvulana, Nangila akiwa msichana.

Hatua ya 1: Achaneni na treni

Lazima atatokea mtu wa kuwakumbusha kwamba reli ilifika Kitale mwaka 1926, na kwamba ile ya Malaba inapita Bungoma. Ni kweli. Mkiwa na subira, treni ya abiria itarudi siku moja, na mtoto wenu ataipanda akiwa na wajukuu wake. Kwa leo, nendeni steji.

Hatua ya 2: Hakikisheni gari limejaa kweli

Matatu haina saa ya kuondoka, ina idadi ya kuondokea. Makanga ataapa kwamba amebakisha wawili tu, tena ni nyinyi. Ndani mtawakuta vijana wametulia, hawana mzigo, hawana haraka. Wengine wao si abiria. Wamewekwa kujaza viti, na mkishakaa watashuka mmoja mmoja kama vile wamekumbuka kufunga mlango nyumbani. Dawa yao ni rahisi: mwombeni mmoja awashikie mtoto kidogo. Abiria wa kweli atampokea. Wa kujaza viti atashuka papo hapo.

Hatua ya 3: Msihesabu watu

Kanuni za matatu za aliyekuwa waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilitaka kila abiria awe na kiti chake na mkanda wake, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Matatu ya watu 14 ibebe 14. Kichanga hana kiti, kwa hiyo halipi nauli, kwa hiyo hahesabiwi. Makanga ameielewa falsafa hiyo na kuipanua: mkishapita kizuizi cha polisi, watu wazima kadhaa nao huacha kuhesabiwa.

Mkanda, ukiwepo, ulipimwa kwa kifua cha mtu mzima. Mkanda wa mtoto ni mikono ya mama, na mmoja kati ya hiyo umeshika beseni. Msiulize itakuwaje dereva akikanyaga breki ghafla. Mwongozo wa kuchekesha hauna jibu la swali hilo.

Hatua ya 4: Mvisheni mtoto kwa miji miwili

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko karibu mita 1,400. Hivyo mtoto atapanda na kofia ya sufu, sweta, soksi na shali, na atashuka akitoka jasho. Kati ya hapo kuna suala la dirisha. Mkifika Kiminini, mama wa kiti cha nyuma ataagiza lifungwe, mtoto asipate nimonia. Mkifika Kamukuywa, mwalimu mstaafu ataagiza lifunguliwe, mtoto asikose hewa. Kabla ya Webuye gari zima litakuwa limegawanyika kambi mbili. Nyamazeni. Nyinyi ni wazazi tu, hakuna aliyewaalika kwenye kikao.

Hatua ya 5: Mama, nyonyesha bila kuomba ruhusa

Mtoto akilia, dereva ataongeza muziki asimsikie. Mtoto naye ataongeza sauti asikike. Spika iko chini ya kiti chenu. Mnyonyeshe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Matatu imetenga leso yako mwenyewe. Usiwe na wasiwasi na wanaume walio karibu: wote wataanza kuikagua miwa nje ya dirisha utadhani wametumwa na wizara ya kilimo.

Hatua ya 6: Mpeni mwingine mtoto

Mkibadilisha gari Webuye mtakuwa na begi, beseni, kuku wa zawadi na mtoto, na mlango unaopitisha mtu mmoja aliyeinama. Hapo mtasikia sauti: "Lete huyo mtoto, mama." Hamumjui. Mpeni. Huyo ndiye kiti cha mtoto ambacho kanuni zilikisahau, tena kina joto, kinaimba na kinataka kujua mtoto ni wa ukoo gani. Nauli yake ni kusikiliza ushauri: mama anywe uji wa wimbi, mtoto asibebwe hivyo, na baba, kwa jumla, ajirekebishe. Lipeni nauli hiyo yote. Ndiyo nafuu kuliko zote mlizolipa leo.

Hatua ya 7: Malizieni na boda

Kutoka lami hadi kwa Kukhu kuna bodaboda. Kijana atawahakikishia kwamba ataenda polepole, maana hata yeye ni baba, kisha atapokea simu akiwa ameshaondoka. Kofia ngumu anayo, ameitundika kwenye usukani isije ikachakaa. Mama na mtoto watangulie. Baba afuate kwa boda ya pili na beseni na kuku, na asishangae kuku akilipishwa.

Hatua ya 8: Msifungue mizigo yote

Kukhu atampokea mtoto na kuwasahau nyinyi kwa siku kadhaa. Pumzikeni, ila msizoee. Mlijiandikisha kliniki ya Kitale, na kile kijitabu cha mama na mtoto kinawataka kwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kitunzeni vizuri kisilowe. Katika barabara yote ya Kitale hadi Bungoma, hiyo ndiyo ratiba pekee ya safari iliyoandikwa.