Sifa za Kiduha

Waridi limesifiwa hadi limechoka, na asumini haina shida ya washairi. Lakini kiduha, gugu linaloyanyonya mahindi kuanzia Siaya hadi Mwanza, bado hakijapata msifu. Wakulima wakikitaja hukitaja pamoja na laana. Kazi hiyo basi nimejitwika mimi.

Nianze na adabu zake. Magugu mengine huota popote bila hodi. Kiduha huingia kwa mwaliko tu. Mbegu yake, isiyofika hata nusu milimita, hulala udongoni ikingoja. Mvua ikinyesha inalowa, inajiweka tayari, lakini haioti mpaka mzizi wa mahindi, mtama au ulezi utoe kemikali ziitwazo strigolaktoni karibu yake. Mwaliko usipokuja msimu huu, utangojwa msimu ujao, na mbegu nyingine hungoja miaka 10 au zaidi. Nani kati yetu angekaa gizani muda wote huo kwa ajili ya chakula cha mtu?

Wenye roho mbaya watasema mwaliko haukuwa wake. Ni kweli kwamba mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kuwa mimea hutumia kemikali hizo kuwaita kuvu wema, wale wanaoisaidia mizizi kupata fosforasi. Udongo ukichoka, mmea huita kwa nguvu zaidi. Sasa niambieni: kilio hicho cha shamba lenye njaa, nani mwingine anakiitikia upesi hivyo? Shamba lililoshiba samadi na mbolea kiduha hakilisumbui sana. Makazi yake ni kwa mama aliyelima kipande kilekile, mahindi juu ya mahindi, bila senti ya mbolea. Ruzuku humfikia mama huyo mvua zikiwa zimekwisha, na bwana shamba humfikia akipata mafuta ya pikipiki. Kiduha hakijawahi kuchelewa.

Kikishaota hakipotezi muda, kwa kuwa mbegu ndogo hivyo haina akiba: kisipoufikia mzizi ndani ya siku chache, kinakufa. Kikiufikia kinajibandika, kinatoboa, kinaanza kula. Na hakijionyeshi! Kwa wiki kadhaa kinaishi chini ya ardhi huku mahindi yakidumaa na kunyauka mvua ikinyesha, na mwenye shamba akimtazama jirani kwa jicho la kumshuku uchawi. Kinapochomoza, hasara kubwa imeshafanyika. Ndipo kinapovaa maua yake ya zambarau, mazuri kweli, nalisema hili bila kejeli.

Hata ndoa zake zina heshima. Kiduha hiki cha kando ya Ziwa Victoria hakijichavushi. Chavua lazima itoke kwa mmea mwingine, kwa hiyo wadudu wanapata ajira. Ndugu yake mwenye maua mekundu hujichavusha mwenyewe, labda kwa kuogopa michango ya harusi. Mmea mmoja huacha mbegu makumi ya maelfu, na ukiung'oa kwa hasira umeshakomaa, unazimwaga wewe mwenyewe.

Fadhila zote hizo zimelipwa kwa hila. Huko Mbita, Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pamoja na wenzao wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walipanda jani la malisho liitwalo desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi ya jani hilo hutoa kemikali za aina mbili: moja huziamsha mbegu za kiduha, nyingine hukizuia kisijibandike kwenye mahindi. Yaani mgeni anaitwa, anaamka baada ya miaka yote ile ya subira, anakuta mlango umefungwa, anakufa kwa njaa kizingitini. Hakuna aliyeomba radhi. Desmodiamu yenyewe inaongeza naitrojeni kwenye udongo, inakatwa, inapelekwa zizini, ng'ombe anaila kwa furaha na maziwa yanaongezeka, wala hakuna anayeuliza matanga yanafanyika wapi.