Sifa za Sifuri Moja Sifuri Tatu

Simba hana namba yake. Nembo ya Kenya imemweka pande zote mbili za ngao, mkuki mkononi, lakini siku akitiwa kizimbani apelekwe ng'ambo, karani wa forodha atamwandika 01.06, "wanyama wengine hai", pamoja na nyoka, kasuku, sungura na nyuki. Tembo yumo humo humo. Nyangumi pia. Nguruwe hayumo. Yeye amepewa kichwa chake mwenyewe, 01.03, baada ya ng'ombe wa 01.02 na kabla ya kondoo na mbuzi, ambao wanabanana katika 01.04 kama wapangaji wa chumba kimoja.

Sikuja kumsifu nguruwe. Huyo ana mashabiki wake wa jioni, wanaojua kumsifu kwa ndizi na pilipili. Ninayemsifu ni namba, ambayo haijapata malenga tangu ilipoingia kwenye mkataba wa Mfumo Uliowianishwa wa kuainisha bidhaa za forodha, uliotiwa saini Brussels tarehe 14 Juni 1983 na kuanza kutumika 1 Januari 1988. Dunia haijawahi kukubaliana juu ya nguruwe. Kuna wanaomfuga chini ya uvungu wa nyumba na kuna wasiotaka jina lake litajwe mezani. Lakini wote, wakifungua kitabu cha ushuru, wanamkuta pale pale. Ofisa ambaye dini yake haimruhusu hata kumgusa anaweza kumaliza shughuli nzima kwa tarakimu, akanawa mikono kwa desturi tu.

Tena namba hii haina matani. Mtaani kwetu nguruwe ana majina ya kujificha, na ole wake wakala wa forodha atakayeyaamini. Akiandika "mbuzi katoliki", mzigo umehamia 01.04. Akiandika "mdudu", ameupeleka kwa nyuki.

Ndani ya 01.03 mna vyumba vitatu tu. Cha kwanza, 0103.10, ni cha nguruwe wa mbegu halisi waliokusudiwa kuzalisha. Cha pili, 0103.91, ni cha wengineo walio chini ya kilo 50. Cha tatu, 0103.92, ni cha wengineo wenye kilo 50 na kuendelea. Tazama ilivyo na adabu. Haiulizi rangi, haiulizi masikio yamelala au yamesimama, haiulizi mnyama alikuwa akila nini, swali ambalo binadamu hulikimbilia kwanza. Inauliza ukoo, na ukoo wenyewe haujadiliwi: mbegu halisi ni yule tu ambaye mamlaka husika ya nchi imemtambua hivyo. Nguruwe anaweza kuwa na umbo la kifalme na wanawe kumi na wawili wote wakafanana naye, lakini bila hati ni "mwingineo". Najua watu waliokwama kwenye madirisha ya serikali kwa sababu hiyo hiyo, nao hawakuwa na manyoya magumu mgongoni.

Ukoo una faida ya fedha. Katika kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, toleo la 2017, mwenye hati hulipiwa asilimia 0, na asiye nayo asilimia 25. Hapa ndipo uzuri wa namba unapofikia kilele, maana ile asilimia 25 ni ya chumba cha pili na cha tatu sawia. Nguruwe wa kilo 49 na wa kilo 51 wanatozwa kiwango kile kile. Basi ile mizani, lile zoezi la kumsukuma mnyama anayepiga kelele juu ya bamba la chuma, ule ubishi kama maji aliyokunywa njiani yahesabiwe au yasihesabiwe, havimwongezei mweka hazina hata senti. Ni takwimu tupu. Ni usahihi unaotafutwa kwa mapenzi ya usahihi. Na baada ya kupimwa kilo zote hizo, kitabu kinasema kipimo chake cha idadi ni kichwa: mmoja, wawili, watatu.

Wazungu walipoipokea namba hii waliiongezea mapambo. Marekani huwagawa wadogo tena kwenye kilo 7 na kilo 23. Umoja wa Ulaya una mstari wake maalumu kwa nguruwe jike aliyekwisha kuzaa angalau mara moja na mwenye uzito usiopungua kilo 160, na ushuru wake kwa kila kilo mia ni mdogo kuliko wa nguruwe wengine wa kufugwa. Sijui sheria nyingine ya biashara inayompunguzia mtu ushuru kwa kuwa ni mama mnene. Na ngiri wetu, ambaye hajawahi kufugwa na mtu, huko Ulaya ni wa jamii isiyo ya kufugwa, na huingia bila ushuru. Pumbaa, yule ngiri wa katuni, angepita kwenye geti la Rotterdam mkia juu, huku wale wa bandani wakihesabiwa euro.

Wapo watakaosema namba hii inahangaika na msafiri asiyeweza kujificha, huku hatari halisi ikipita kando. Wana hoja. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, ilifika Ureno mwaka 1957, na inasimuliwa kuwa ilifika kwa makombo ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Kwenye makombo hakuna wa kupimwa ukoo. Lakini homa ni kazi ya daktari wa mifugo, dirisha la pili kushoto. Ugonjwa ulipoingia China mwaka 2018 na kuteketeza mazizi, walioletwa kuyajaza upya, wengine kwa ndege za kukodi kutoka Ufaransa, walikuwa wale wenye hati. Namba iliwapokea kwa heshima ile ile.

Heshima hiyo ina sharti moja: uhai. Nguruwe akifia safarini hutolewa 01.03 mara moja. Kama nyama yake inafaa kuliwa anahamia 02.03, na kama haifai, 05.11. Na yule wa sarakasi ya kuzunguka, akiwa hai na mwenye afya zake, hakuwahi kuruhusiwa kuingia 01.03, anakaa 95.08, sura moja na wanasesere.

Limebaki swali ambalo mawakala hulifurahia kuliko yote. Jike mwenye hati safi anapakiwa ng'ambo, anazaa angani, na ndege inatua Entebbe na abiria kumi ambao hawamo kwenye tamko. Mama ni 0103.10, asilimia 0. Watoto hawajaandikwa na mamlaka yoyote ya nchi yoyote, hakuna hata mmoja anayefika kilo mbili, na ofisa ameshakifungua kitabu kwenye 0103.91.