Ukisusa, Wenzio Twala: Mwongozo wa Kuanzisha Ligi ya Waasi Ukiwa Kabeza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti wa klabu anayeishi Kabeza, wilaya ya Kicukiro, aliyechoka kupangiwa ratiba na shirikisho la soka la Rwanda, FERWAFA. Kabeza ni mahali pazuri pa kuasi. Uwanja wa Amahoro uko karibu, hapo Remera. Uwanja wa ndege uko karibu vilevile, iwapo mambo yataharibika. Na mishikaki ya mbuzi haikosekani, kwa hiyo kikao hakitavunjika kwa njaa. Utahitaji kalamu, wakili, simu inayozimika, na klabu nyingine kadhaa zenye hasira kama yako. Mpira utatafutwa baadaye.

Hatua ya 1: Tafuta lalamiko lenye heshima

Usikiri hata siku moja kwamba unataka fedha. Sema unataka uwazi. Sema unawahurumia vijana. Ukibanwa sana, sema unaliokoa soka. Ndivyo alivyosema Florentino Pérez wa Real Madrid mwezi Aprili 2021, alipokwenda kwenye televisheni kueleza kwa nini klabu tajiri kuliko zote duniani zinahitaji ligi yao peke yao. Alisema kwa uso mkavu, na hilo ndilo la kujifunza. Fanya mazoezi mbele ya kioo mpaka nawe uweze.

Hatua ya 2: Anza kwa kususia mechi moja

Usirukie ligi nzima kabla ya kujipima. Hapa Kigali walimu wapo. Machi 2023, mechi ya marudiano ya Kombe la Amani kati ya Rayon Sports na Intare FC iliahirishwa, Rayon wakakasirika na kutangaza kwamba wamejitoa kwenye mashindano. Baadaye wakarudi. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo, kule Huye, waliifunga APR 1-0 na kubeba kombe lilelile walilolisusa. Gikundiro, kama Rayon wanavyoitwa, wametuachia somo: susa, lakini usitupe jezi.

Januari 2024, baada ya Gasogi United kufungwa na AS Kigali, rais wake Kakooza Nkuliza Charles, ambaye wote tunamwita KNC, alilalamikia waamuzi na kutangaza kwamba timu imevunjwa. Siku chache baadaye timu ikafufuka. Hakuna daktari aliyeitwa.

Dar es Salaam wana kozi ndefu zaidi. Machi 2025 Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi na watani wao Yanga, wakasema hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi. Yanga wakafika uwanjani hivyohivyo, kisha wakaapa kwamba mechi hiyo hawataicheza tena, wakabisha hodi hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Tarehe 25 Juni wakaicheza, wakashinda 2-0. Kwa hiyo, mwenyekiti, unapoapa, chagua maneno yatakayokuruhusu kurudi.

Hatua ya 3: Chagua waasi wenzako, na uwe mchoyo

Uasi wa watu wengi unaitwa mkutano mkuu, na mkutano mkuu hauna faida. Waasi wawe wachache, na wawe wakubwa. Ile ligi ya Ulaya, European Super League, ilitangazwa na klabu 12: sita za Uingereza, tatu za Hispania na tatu za Italia. Mpango ulikuwa timu 20, na kati ya hizo 15 zisishuke daraja milele, hata zikifungwa kila wiki.

Hiki ndicho kiini cha elimu yote hii, kishike: nafasi ya kudumu. Unaasi ili usifukuzwe. Ukienda kuwashawishi wenzako wa Kicukiro, waeleze kwamba ushindani ni mzuri mno, ila usizihusu klabu zilizomo kikaoni.

Hatua ya 4: Mfuate mwenye fedha kabla ya mwenye mpira

Waasi wa Ulaya walikuwa na benki ya JPMorgan nyuma yao na ahadi ya euro bilioni 3.5 za kugawana kabla hata ya filimbi. Wewe huna JPMorgan. Una mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeahidi kuchangia jezi. Anza naye, ila soma kwanza yaliyowakuta Wakenya.

Mwaka 2003 klabu za Kenya, zikiwa zimechoshwa na shirikisho la wakati huo, KFF, ziliunda kampuni yao, Kenyan Premier League. Ligi ikawa mali ya klabu, wadhamini wakaja, SuperSport ikaleta kamera. Kisha ukazuka ugomvi ambao mtu wa nje hawezi kuuelewa bila kusimuliwa mara mbili: timu ziwe 16 au 18? Mwanzoni mwa 2015 kampuni ilitaka 16, na shirikisho, FKF, chini ya Sam Nyamweya, lilitaka 18. Kila mmoja akaanzisha yake. Nchi moja ikawa na ligi kuu mbili kwa wakati mmoja, na shabiki akatakiwa kujua bingwa wa kweli ni yupi. FIFA ikaingilia kati, ligi ya timu 16 ikaendelea, na Gor Mahia wakatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja.

Unadhani yaliishia hapo? Mwaka 2017 timu zikafika 18, na Aprili ya mwaka huo SuperSport ikafungasha kamera zake ikaondoka. Timu mbili zikaongezeka, fedha za televisheni zikatoweka. Mwaka 2020 mkataba wa kampuni ukaisha na shirikisho likaichukua ligi. Uasi ulidumu miaka 17, mrefu kuliko ndoa nyingi, na mwishowe mwenye nyumba alirudishiwa funguo.

Hatua ya 5: Sajili kampuni, kisha ajiri wakili asiyechoka

Kusajili kampuni Rwanda si kazi ngumu. Inafanyika kwa kompyuta kupitia Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, na huenda ukamaliza kabla chai haijapoa. Ugumu uko kwenye wakili. Mwambie ajifunze kesi ya waasi wa Ulaya, maana ile ni tamu. Tarehe 21 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kanuni za FIFA na UEFA za kutaka kila mashindano mapya yaombe kibali kwao zilikuwa kinyume cha sheria ya ushindani, kwa sababu hazikuwa na vigezo vya wazi. Waasi wakashangilia kwa nguvu.

Wakati huo klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimeshatoroka zaidi ya miaka miwili nyuma. Haki ilipatikana, timu hazikuwepo. Wakili wako atakuambia huo ni ushindi, na ankara yake itaandikwa hivyo.

Hatua ya 6: Tangaza usiku wa Jumapili, kisha uzime simu

Tangazo la Ulaya lilitolewa Jumapili usiku, tarehe 18 Aprili 2021. Andrea Agnelli wa Juventus alikuwa mmoja wa vinara. Rais wa UEFA, Aleksander Čeferin, ni baba wa ubatizo wa binti wa Agnelli. Čeferin mwenyewe amesimulia kwamba siku moja kabla ya tangazo walizungumza kwa simu, Agnelli akakanusha, akaahidi kupiga tena, kisha akaizima simu. Hivyo ndivyo uasi unavyofanywa na wataalamu: unamsaliti mtu aliyemshika mtoto wako kanisani, na unalala.

Kwa Kabeza, epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ni umuganda, kila mtu ameshika jembe, na tangazo la uasi mbele ya watu wenye majembe halina busara. Usitangaze baani pia. Utakayoyasema saa tano usiku yatakuwa Remera kabla ya saa sita, na dereva wa pikipiki atakuwa ameshaongeza mengine njiani.

Hatua ya 7: Pokea barua ya FIFA kwa moyo mkunjufu

Itakuja. Itasema wachezaji wako hawataitwa timu ya taifa, na klabu yako haitacheza mashindano ya bara. Usitetemeke. Klabu za Colombia zilijitenga na shirikisho lao mwaka 1949, zikafungiwa, na hapo ndipo raha ilipoanza. Kwa kuwa hazikuwa chini ya FIFA, hazikulazimika kulipa ada ya uhamisho. Millonarios ya Bogotá ikamchukua Alfredo Di Stéfano kutoka River Plate bila ya klabu yake kulipwa. Mwaka 1951 kule Lima yakafikiwa makubaliano kwamba wachezaji wa namna hiyo warudishwe kwao ifikapo 1954. Di Stéfano alikwenda Real Madrid mwaka 1953, na Real Madrid, kama tulivyoona, haikusahau mafunzo ya uasi.

Kufungiwa kunaumiza, lakini kunamuumiza zaidi asiyehusika. Kenya ilifungiwa na FIFA kuanzia Februari hadi Novemba 2022, baada ya serikali kulivunja shirikisho. Wakubwa waliendelea na vikao vyao. Mchezaji wa timu ya taifa ndiye aliyekaa nyumbani.

Kumbuka pia uko mji gani. Machi 2023 FIFA ilifanya mkutano wake mkuu hapa Kigali, BK Arena, na Gianni Infantino akachaguliwa tena bila mpinzani. Bosi unayetaka kumwasi ana picha za ukumbusho jirani yako.

Hatua ya 8: Usimuulize shabiki

Hapa hakuna msamaha. Ukimuuliza shabiki, ligi itakufa kabla haijazaliwa. Usipomuuliza, itaishi siku mbili.

Zile klabu za Uingereza zilitangaza Jumapili. Jumanne, mashabiki wa Chelsea walifunga barabara nje ya Stamford Bridge mpaka kipa wao wa zamani, Petr Čech, akatoka kuwasihi wafungue njia. Usiku huohuo klabu zote sita zilikuwa zimejitoa au zinatafuta mlango. Arsenal wakaandika barua ya wazi ya kuomba radhi.

Arsenal inatuhusu sisi. Tangu 2018 walivaa mkononi maneno Visit Rwanda. Kwa hiyo Aprili ile jina la nchi yetu lilipelekwa kwenye uasi likiwa begani mwa watu, na baada ya saa 48 likarudishwa salama. PSG, waliokuwa washirika wetu tangu 2019, walikataa kujiunga. Bayern walikataa, na mwaka 2023 nao wakawa washirika. Atlético Madrid walijiunga na uasi, wakatoka, na mwaka 2025 wakasaini nasi. Rwanda imewakumbatia waasi, waaminifu na bosi wao. Hakuna mwenyekiti wa Kabeza mwenye diplomasia ya kiwango hicho, kwa hiyo usijaribu.

Hatua ya 9: Subiri bosi aibe wazo lako

Wazo likiwa na fedha ndani yake, bosi atalilaani asubuhi na kulizindua jioni. Mwaka 2021 UEFA iliwaita waasi kila jina baya. Msimu wa 2024/25 Ligi ya Mabingwa ikapanuliwa kutoka timu 32 hadi 36, mechi zikaongezeka, na mapato nayo. Afrika hatukupoteza muda kugombana: CAF ilizindua yenyewe ligi yake kuu Agosti 2022 mjini Arusha, kwa mazungumzo ya timu 24 na zawadi za dola milioni 100. Ilipofika wakati wa kucheza, Oktoba 2023, timu zilikuwa nane. Simba na Al Ahly wakafungua pazia Dar es Salaam kwa sare ya 2-2, na Mamelodi Sundowns wakatwaa kombe.

Kama uasi wako umefika hatua hii, hongera. Utaalikwa kwenye uzinduzi, utapewa kiti cha safu ya tatu, na utapiga makofi.

Neno la mwisho kwa mwenyekiti

Wapo waasi waliofanikiwa. Mwaka 1992 klabu 22 za daraja la kwanza Uingereza zilijiondoa kwenye Football League na kuanzisha Premier League, hii ambayo Kabeza nzima huitazama mwisho wa wiki. Walikuwa na mkataba wa televisheni wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Walikuwa na baraka za chama cha soka, FA, mfukoni kabla ya kutoka. Na waliacha mlango wazi: timu ya chini iliweza kupanda, na kubwa iliweza kushuka.

Waliobaki, kuanzia Nairobi hadi Madrid, waligombea kiti kilekile wakiwa wamevaa suti tofauti. Basi kabla hujatia saini, mwenyekiti, fanya jambo ambalo halimo katika hatua yoyote hapo juu: wape mashabiki wako hesabu za msimu uliopita. Viingilio vilikuwa kiasi gani, mdhamini alitoa nini, na mishahara ya wachezaji ililipwa lini. Ukiweza kuwaonyesha, huenda huhitaji ligi nyingine. Usipoweza, shida yako haiko FERWAFA.