Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Ini

Kwa Mheshimiwa Ini,
Meneja Mkuu, Chini ya Mbavu za Kulia.

Nakuandikia kutoka Mogogosiek, kaunti ya Bomet, baada ya ofisi nyingine zote kunihakikishia kwamba jambo hili si lao. Kliniki ya kifua ilisema kazi yake ni kifua. Mwenye duka la dawa alisema kazi yake ni kuuza. Umebaki wewe.

Kwanza, hongera kwa kutoa ajira. Tangu nianze dawa za TB, nasikia umeandika vibarua bila hata kuwauliza kitambulisho. Alikuja mgeni mmoja tu, rifampisini, na haikupita wiki mbili vimeng'enya vyako, hao wavunjavunja dawa, wakaongezeka hadi wakahitaji zamu ya usiku. Hata kiwanda chetu cha chai hakiajiri hivyo mvua zikikolea na magunia ya majani yakingoja lori barabarani.

Shida ni kwamba vibarua hawa hawachagui gunia. Sisi wachuma chai tunashinda ndani ya gambuti zenye maji, na kucha zangu zikashika fangasi. Nikanunua itrakonazoli, kwa pesa ambazo zingeninunulia kuku wawili na chenji. Ilipofika kwako ikasagwa kabla haijaonana na ukucha hata mmoja. Vorikonazoli nayo hupoteza zaidi ya asilimia 90 mikononi mwao. Flukonazoli ndiyo yenye bahati: hupunguzwa kama robo hivi, kwa kuwa sehemu yake kubwa hutokea kwa jirani yako Figo.

Mgeni simfukuzi. Majaribio yaliyoanza 1970 hapa hapa Afrika Mashariki yalionyesha kwamba, yeye akiwemo, TB yaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya 18. Nitammeza hadi siku ya mwisho. Lakini kibarua wa chai huachishwa jioni ile ile msimu unapoisha. Wako hukaa kama wiki mbili zaidi baada ya tajiri wao kuondoka, bado wanasaga. Na vidonge vyangu vya kupanga uzazi pia wanavitafuna. Mtoto akija, nitamleta kwako umlipie karo.

Ombi langu ni dogo. Kwa kuwa hakuna mwanadamu aliyeniuliza, "Mama, unameza nini kingine?", niulize wewe, pale mlangoni, kabla hujawasha mashine.

Wako mtiifu,
Mchuma chai.

Nakala: Mheshimiwa Figo, kwa taarifa tu. Rangi ya mgeni kwenye mkojo ameshaiona.