Saa Mbili ya Tokyo

Kabla umeme haujaingia katika nyumba za bonde la Kilombero, mchezo wa mtoto ulikuwa na walinzi wengi ambao hawakuajiriwa na mtu wala hawakudai ujira. Palikuwa na jua, ambalo likizama mchezo hufungwa bila ya mabishano. Palikuwa na mbu, ambao tangu magharibi hushika doria katika kila uchochoro wa Ifakara na kumrudisha nyumbani hata mtoto mkaidi. Na juu ya hao wote palikuwa na ndege waharibifu wa mpunga, ambao kwa hakika ndio waliokuwa wakiigawa siku ya mtoto wa mkulima kuwa mafungu ya kazi na mafungu ya furaha. Mpunga ulipoanza kukomaa familia nzima ilihamia shambani, watoto wakapandishwa juu ya dungu kuamia ndege, mkononi kombeo, miguuni rundo la vidonge vya udongo uliokaushwa, na mbele yao kamba ndefu iliyotundikwa makopo matupu ambayo ikivutwa hupiga kelele za kuziba masikio. Kweleakwelea hula asubuhi na mapema na hula tena alasiri. Katikati ya mchana, joto likipamba, huenda zao kupumzika mitini. Basi saa hizo za katikati ndizo zilizokuwa za mchezo, na hakuna mtoto aliyewahi kujadiliana na kundi la ndege ili limwongezee dakika kumi.

Sisemi haya kwa kuwa nauonea shauku utoto wa dunguni. Jua la huko ni kali, na nyoka wa mpungani hana taadhima kwa umri wa mtu. Nayasema ili msomaji apate kufahamu ugeni wa mkasa uliotufika siku tulipoingiza nyumbani kompyuta, chombo kisichojua alasiri wala magharibi.

Chombo chenyewe kilinunuliwa Morogoro, mkononi mwa mtu, kikasafiri kwa basi hadi Ifakara kikiwa kimeviringishwa ndani ya godoro, na azma ya kukinunua ilikuwa masomo. Neno hilo la masomo lilitamkwa na mwanangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, mara nyingi na kwa unyenyekevu mwingi hata mama yake akalengwalengwa na machozi. Juma la kwanza kompyuta ilisomesha. La pili ilicheza mpira. Tangu hapo maji hayakutekwa kwa wakati, kuku wakalala nje, na mtoto akiitwa hujibu, "Nakuja," nalo hilo nakuja lilikuwa na urefu wa dakika tisini, pamoja na za nyongeza, na pale timu zilipotoka sare, pamoja na mikwaju ya penalti. Dada yake wa darasa la sita, ambaye awali alikuwa shahidi wa upande wa mama, alipewa zamu yake ya kucheza, na ushahidi wake ukakoma siku hiyo hiyo.

Ndipo akaja shemeji yangu, ndugu wa mama watoto, kijana mwenye ujuzi wa mitambo hii, akatubashiria kwamba ndani ya kompyuta mna mlezi aliyelala, anayengoja kuamshwa tu. Akatueleza tadbiri yake: mtoto hupewa akaunti yake mwenyewe isiyo na mamlaka, mzazi hushika akaunti kubwa pamoja na nywila yake, kisha huandikwa siku na saa ambazo mtoto ameruhusiwa, na muda ukitimia mlezi hufunga mlango bila ya kusikiliza kilio cha mtu. Mama watoto aliipenda sana sehemu ile ya kilio. "Dada," shemeji akauliza, vidole vikiwa tayari, "wacheze saa ngapi?" Naye akajibu kwa utulivu wa kadhi, "Saa mbili mpaka saa nne, wakishakula na kudurusu." Shemeji akaandika mbili, akaandika nne, akafunga kazi, na jioni ile akachinjiwa jogoo.

Sasa, kompyuta haikulelewa na sisi. Mtu wa Kilombero huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza, ilhali kompyuta huanza kuhesabu katikati ya usiku, mtu hayupo. Na mbili ya kompyuta, ikiwa haikuelezwa vingine, ni saa nane ya usiku kwetu sisi. Ilipofika saa mbili baada ya chakula watoto walibonyeza, mashine ikakataa, ukatokea ujumbe wa Kiingereza ambao kijana aliusoma kwa makini, akamnong'oneza dada yake neno moja, nao wakaenda kulala bila ya manung'uniko. Mama watoto alimtazama nduguye kwa fahari. Shemeji akaomba aongezewe mchuzi.

Usiku wa manane nikasikia mvumo, kama uwanja wa mpira uliofunikwa kwa blanketi. Mama watoto akaniamsha, nami nikiwa macho, akasema ni wezi. Nikamwambia wezi hawashangilii. Tukanyata hadi chumba cha watoto, na hapo tukaona jambo ambalo hata leo nikilikumbuka sijui nicheke au nighadhibike: kitanda kimoja, chandarua kimeshushwa na kuchomekwa chini ya godoro pande zote kama inavyofundishwa zahanati, na ndani yake watoto wawili wamekaa mkao wa tahiyatu mbele ya kompyuta, ambayo nayo ilikuwa imepandishwa kitandani na kuingizwa ndani ya chandarua, waya wake wa umeme ukitokea kwa chini kupitia upenyo mdogo uliozibwa kwa soksi. Nje ya chandarua, katika ule mwanga wa buluu, mbu wa Ifakara walikuwa wamejipanga juu ya wavu wakitazama mpira.

Yafaa nitaje hapa, maadamu tumefika kitandani, kwamba katika ilimu ya chandarua mji huu si wa kuchezewa. Tangu mwaka 1957 wataalamu wa Uswisi walipofungua maabara yao hapa, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara, mbu wetu wamehesabiwa, wamepimwa na kuandikwa vitabuni kuliko watu wengi ninaowafahamu. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilienezwa kwa biashara katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vikiitwa kwa jina la Zuia Mbu. Vizazi viwili vimelelewa kuamini kwamba usiku usiingie kitandani bila ya chandarua. Wanangu waliushika wosia huo barabara.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," wakasema pamoja. Nikauliza wanafanya nini saa nane ya usiku. Binti, ambaye ndiye mwenye ulimi, akajibu kwa adabu kwamba wanatumia muda wao, kwani wameruhusiwa hadi saa kumi, na kwamba wameweka sauti chini ili wasimsumbue mjomba. Watoto hawa ni wale wale ambao siku ya shule hutolewa kitandani kwa maji ya baridi. Hakuna aliyewaamsha. Waliamshwa na utiifu wa sheria. Shemeji, alipoitwa kutoka sebuleni, alisimama mlangoni na shuka lake akasema tu kwamba mashine imetii ilivyoagizwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwa sababu hiyo halikumsaidia chochote mbele ya dada yake.

Asubuhi mbili ikabadilishwa ikawa ishirini, nne ikawa ishirini na mbili, na kwa majuma kadhaa nyumba ilikuwa na amani isiyo ya kawaida. Watoto walikula, wakadurusu, wakacheza saa mbili hadi saa nne mbele ya macho yetu, wakalala. Mwalimu wa jiografia aliniletea salamu kwamba kijana ameanza kung'ara katika somo la longitudo na majira ya dunia. Nikamshukuru Mungu, tena kwa sauti.

Kisha siku moja mama watoto aliwahi kurudi kutoka sokoni, saa tisa ya mchana, jua likichoma mabati, akamkuta kijana amevaa sare ya shule, kandanda imepamba moto. Mazungumzo yao niliyapata kwake yeye mwenyewe, nami nayaweka kama yalivyokuwa.

"Muda wako ni usiku."

"Ndiyo, mama. Sasa ni saa tatu ya usiku."

"Wapi?"

"Tokyo."

Ikadhihirika kwamba shemeji alifunga saa lakini hakufunga dunia. Katika mashine ile, kurudisha nyuma au kusogeza mbele mishale ya saa kunahitaji idhini ya mwenye nywila. Lakini kubadili eneo la majira hakuhitaji idhini ya mtu, ili msafiri ashukapo katika nchi ya ugenini asisumbuliwe. Kijana akajifanya msafiri. Kila nyuzi kumi na tano za longitudo ni saa moja, na Japani imetutangulia kwa saa sita kamili. Kwa hivyo saa nane ya mchana, atokapo shuleni, Tokyo ni saa mbili ya usiku na mlezi hufungua mlango kwa moyo mkunjufu. Ifikapo saa kumi kwetu, Tokyo hufungwa, naye huhamia Bangkok, ambako ndiyo kwanza saa mbili inaingia. Saa kumi na mbili jioni huhamia Karachi. Saa mbili ya usiku hurejea Nairobi, ambayo katika orodha ya mashine ndiyo inayotusimamia sisi wa Ifakara, akaketi nasi kwa heshima zote kama mtoto aliyekuwa akingoja zamu yake tangu asubuhi. Alikuwa akilifuata jua, au tuseme akiufuata usiku, nusu ya Asia kila alasiri, na kuku wetu hawajafungiwa.

Wala si sisi peke yetu tulioshindwa. Korea Kusini, mwaka 2011, ilianzisha sheria ya kuwafungia watoto wa chini ya miaka 16 michezo ya mtandaoni tangu saa sita ya usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa majina na nambari za wazazi wao, hata mwaka 2021 serikali ikaamua kuifuta. Mwaka huo huo Uchina ikaamuru kwamba aliye chini ya miaka 18 acheze saa moja tu, katika siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, tangu saa mbili hadi saa tatu ya usiku, yaani ile ile saa mbili ya mama watoto. Nako huko, kabla ya amri hiyo na baada yake, vitambulisho vya mabibi na mababu vimekuwa vikicheza michezo ya vita usiku wa manane. Falau dola zenye majeshi zimeshindwa, sembuse shemeji.

Tukamwita babu yao kutoka Lupiro, ambaye tangu daraja la mto Kilombero lilipozinduliwa mwaka 2018 hana tena kisingizio cha pantoni. Alifika asubuhi, akawakuta wazee wenzake barazani wana bao, akaketi kidogo kusalimia. Nikamfuata na gazeti, nikamsomea kwamba mwaka 2019 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Afya Duniani yalikubali kuandika mchezo uliopita mpaka katika orodha ya maradhi, na kwamba dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia na kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli zake nyingine. Babu akatikisa kichwa kwa masikitiko, macho yakiwa juu ya kete, akasema huo ni ugonjwa mbaya kabisa na kwamba vijana wa siku hizi wanaangamia, akanitaka nisubiri kidogo amalize kutakata. Bao lina kete sitini na nne. Tulimpata magharibi.

Mama watoto hakumngoja. Alikuwa amekwisha shika njia yake, nayo ilikuwa LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Bonde letu limekaa baina ya mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na ile ya Kihansi, megawati 180, na nguvu zote hizo huingia nyumbani kwangu kupitia tarakimu ishirini zilizomo katika simu ya mama watoto. Akaacha uniti ziishe. Hakika mpira ulikoma. Ilikoma pia friji, na ndani yake mlikuwa na perege na kambale wa arusi ya binamu, ambao siku ya pili walijitangaza wenyewe hadi kwa jirani wa nyumba ya tatu. Watoto, kwa upande wao, walikwenda kwenye kibanda cha gemu karibu na soko.

Nilikwenda kuwatoa, na nikiri kwamba nilikaa muda kumtazama mwenye kibanda, kijana mwembamba aliyeegemea mlango na sarafu zake ndani ya kopo. Mechi ikiisha hunyoosha mkono. Ukiwa na sarafu unacheza. Huna, unampisha mwenzio kwenye benchi. Hakuna nywila, hakuna akaunti, hakuna Karachi. Wanangu, mawakili wale, waliinuka pale benchini bila ya hoja hata moja, na katika walezi wote niliowaona tangu mkasa huu uanze, huyo namweka wa kwanza.

Habari zikaenea mtaani kwamba kwetu yupo kijana ajuaye mambo ya kufunga kompyuta na simu, na wazazi wakaanza kubisha hodi. Huwafungia kwa ufundi kabisa, kila kitu mahali pake, ishirini na ishirini na mbili, na majira pia, kwa ada ndogo. Kisha watoto wa nyumba zile zile huja kwa mlango wa nyuma, nao wana ada yao. Daftari hushikwa na binti, safu mbili, zisizochanganywa. Juzi alinijia nalo, akaketi kitako, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba wamefikiri, na kwa kuwa mimi ni jamaa, wako radhi kunifungia kompyuta ya nyumbani kwa nusu ya bei. Nimelipa robo. Iliyobaki nimeizuia mpaka nione kwa macho yangu kwamba Bangkok haimo.