Msafara wa Kiyoyozi

Zamani, kilomita zipatazo 1,200 za Bagamoyo hadi Ujiji zilikwendwa kwa miguu, miezi mitatu na ushei, mpagazi wa Kinyamwezi na kilo 30 za vitambaa au pembe begani. Siku hizi msafara wa watalii una kiyoyozi, na mabegi yanapakiwa na utingo. Njiani, Ugogoni, watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ndipo misafara ichote maji. Leo mtalii anamnunia muuza maji ya chupa kwa shilingi chache. Ujiji, wote wanapiga picha kwenye mnara wa ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo 1871. Wapagazi hawaulizwi. Kisha mwongozaji anawapongeza wageni kwa “kufuata nyayo”. Nyayo zipi, waungwana, na gari halijawashusha?