Kipimo cha Shemeji

Shemeji yangu akija kwetu Sinza, hata maji hajaletewa, ameshapima mtandao. Anabonyeza simu, mshale unapanda, kisha anatangaza kama mkurugenzi wa uchaguzi: "Megabiti 40! Sisi kwetu 60." Mke wangu ananigeukia kana kwamba waya niliutandaza mimi.

Hiyo 40 yenyewe sijawahi kuiona ikifanya kazi. Dada aliyeko Toronto akipiga simu ya video, sura inaganda mdomo wazi, na msiba anaotueleza tunaujua robo. Nikawapigia huduma kwa wateja. Binti mwenye sauti ya asali akaniamuru nipime. Nikapima: 40. "Umeona, mpendwa mteja? Laini yako ni nzima."

Fundi aliyekuja, akinywa chai yetu bila haraka, ndiye aliyetoboa siri. Programu ile ya kupima kasi hutafuta seva ya jirani, na mara nyingi seva hiyo imo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe. Data imetoka chumbani ikaishia sebuleni, halafu tunapigiwa makofi kwa safari! Kuna kipimo kingine, cha M-Lab; wao huweka seva zao nje ya mitandao ya watoa huduma. Tukapima kwa hicho, kwenye kiti kilekile: 11. Fundi akaomba kitumbua kingine.

Na ile 60 ya shemeji? Huipima alfajiri, watu wamelala, simu karibu ilale juu ya ruta. Kwetu anapima saa tatu usiku, mtaa mzima uko mtandaoni, naye kaketi nyuma ya kuta mbili. Marekani, tume ya mawasiliano, FCC, walishamaliza ubishi wa namna hii: kuanzia 2011 ripoti zao zilitegemea visanduku vilivyochomekwa kwenye ruta za watu waliojitolea, vikipima usiku na mchana, na mwenye nyumba akiwa anatumia laini, kisanduku kilisubiri. Hakikuwa na shemeji wa kumtambia.

Nilimweleza yote haya. Akatikisa kichwa kwa hekima, akaniomba simu yangu alinganishe na 4G. Kwa kasi ya megabiti 40, kipimo hunyonya megabaiti 5 kila sekunde, naye hupima kama anayepiga pasi. Ujumbe ukaingia: kifurushi chako kimekwisha.

"Ongeza bando," akasema, "bado sijapata wastani."